Macho ya buluu kwenye tangi la majani: kufuga samaki wadogo wa upinde wa mvua

Mtu akisimama mbele ya tangi la duka, jicho lake hukimbilia dume aliyekunjua mapezi. Ndivyo samaki hawa wa upinde wa mvua (rainbowfish) wanavyonunuliwa, na ndivyo wanavyokufa. Rangi ni kigezo cha mwisho. Kabla yake kuna maswali matatu: mdomo wa samaki huyo ni mkubwa kiasi gani, maji yako ya bomba yakoje, na tangi lako lina urefu gani kutoka kioo cha kushoto hadi cha kulia. La nne wauzaji hawalitaji: wengi wa wadogo hawa huishi mwaka mmoja hadi miwili tu. Kwa hiyo anayewafuga sawasawa anafuga ukoo. Samaki mmojammoja ni mpita njia.

Utawatambua kwa mapezi ya mgongo, ambayo ni mawili yaliyoachana, la mbele na la nyuma. Asili yao ni kisiwa cha Guinea Mpya pamoja na Australia ya kaskazini na mashariki. Wale wa jenasi ya Pseudomugil huitwa macho ya buluu kwa sababu ya duara la buluu linalozunguka mboni. Mapezi yao ya kifua yameota juu ubavuni, karibu na mgongo, hata dume akijionyesha kwa mwenzake huonekana kama ndege anayepunga mbawa juu ya kichwa chake.

Anayeanza namshauri bila kusita achukue Pseudomugil furcatus. Ana urefu wa sm 5 hivi, mapezi yenye manjano kali, na kwao ni mashariki ya Papua Guinea Mpya. Anakaa vizuri kwenye maji ya pH (kipimo cha asidi) 7 hadi 8 yenye ugumu, yaani wingi wa madini, wa wastani na nyuzi joto 24 hadi 26, yaani maji ambayo watu wengi wanayo tayari kwenye bomba. Ana mdomo wa kutosha kula chakula cha kawaida kilichosagwa, na mayai yake ni makubwa kiasi, jambo litakalokufaa baadaye.

Pseudomugil gertrudae ni mdogo zaidi, sm 3 hivi, mapezi yake meupe au ya manjano hafifu yakiwa na madoa meusi. Maji ya kwao ni laini na yenye asidi, lakini waliozaliwa kwenye matangi huvumilia hadi pH 7.5 mradi mabadiliko yasije kwa ghafla. Pseudomugil luminatus, mwekundu kama kaa la moto, anatoka karibu na Timika upande wa Indonesia. Alielezwa rasmi kisayansi mwaka 2016, ingawa wafugaji walikuwa naye kabla ya hapo. Usimweke tangi moja na gertrudae. Ni ndugu wa karibu mno, na ukoo wenye damu iliyochanganyika hauna thamani kwa mfugaji mwingine. Onyo hilo linazihusu zaidi aina za Melanotaenia, jenasi nyingine ya samaki hawa, ambazo aina moja huzaliana na nyingine kwa urahisi mkubwa.

Iriatherina werneri ndiye anayewaponza watu. Dume ana pezi la kwanza la mgongo kama kipepeo cha mkononi, na nyuzi ndefu nyeusi zinazoning'inia kutoka pezi la pili na lile la chini. Mtu hununua nyuzi hizo, asiutazame mdomo. Mdomo wa samaki huyu ni tundu dogo mno. Chembe inayomezwa na furcatus bila shida, yeye huionja na kuitema, huionja na kuitema, mpaka inazama na hafuati tena. Wengi hufa kwa njaa ndani ya tangi ambalo chakula kimejaa sakafuni. Usimchague kama huna nafasi ya kulea uduvi wachanga au minyoo midogo ya kumlisha, na usimchanganye na samaki mwenye pupa.

Mwenye pupa namba moja ni Melanotaenia praecox wa bonde la Mto Mamberamo, Guinea Mpya upande wa Indonesia, buluu ya neoni na mapezi mekundu kwa dume. Akikomaa anafika sm 6 au 7, na mwili hupanuka kwenda juu na chini kadiri umri unavyoongezeka. Dukani akiwa kijana huonekana kisamaki cha kijivu kisicho na lolote, lakini huishi miaka mitatu hadi mitano na ni mstahimilivu kuliko wenzake wote niliowataja. Shida yake ni mbio. Tangi la sm 60 kwake ni chumba cha kugeukia tu. Mpe sm 80 au zaidi, kundi la 8 kuendelea.

Kwa tangi, urefu unazidi kina. Tangi la sm 60 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa lita 54 kwenye hesabu. Ukishatia mchanga, magogo na kuacha nafasi juu, maji halisi ni lita 45 hivi. Hapo wanatosha gertrudae 12 au furcatus 10. Tangi refu kwenda juu lenye ujazo uleule halisaidii kitu, maana hawa ni samaki wa nusu ya juu ya maji, na wanakwenda kwa mlalo.

Mfuniko ni lazima. Wanaruka, na kwa kawaida wanaruka usiku au pale mtu anapowashtua. Watu huweka kioo juu halafu wakaacha pengo la bomba la chujio na waya wa hita, na gertrudae hupita kwenye pengo la sm 1. Ziba mapengo hayo kwa sponji iliyokatwa, na acha sm 3 hadi 4 kati ya uso wa maji na ukingo wa tangi.

Mimea ipangwe ili iache njia. Panda nene nyuma na pembeni: Vallisneria ya majani kama utepe, Cryptocoryne mbele yake, na rundo kubwa la mosi ya Java (Java moss, mmea laini wa nyuzinyuzi) upande mmoja, karibu na mwanga. Katikati paachwe wazi tangu mwisho mmoja hadi mwingine. Anubias na kangaga ya Java (Java fern) zifungwe kwa uzi kwenye gogo au jiwe. Lile shina lao nene la mlalo likifukiwa mchangani huoza. Cryptocoryne mpya mara nyingi humwaga majani ndani ya wiki za kwanza. Usiing'oe, mizizi iko hai na majani mengine yatakuja. Mimea ya kuelea kama Salvinia ifunike theluthi moja ya uso wa maji, basi. Ikifunika wote, mimea ya chini inakosa mwanga na hewa inapungua kuingia majini. Mchanga wenye rangi nyeusi au kahawia unawafaa zaidi, kwa sababu juu ya mchanga mweupe hupauka wakionekana kama wagonjwa.

Kwa mimea hii hewa ya kaboni (CO2) ya kuongezwa haihitajiki. Anayeitia kwa mtungi ajue kwamba samaki hawa wanahitaji oksijeni nyingi, na wa kwanza kupanda juu wakihema watakuwa wao. Mtungi uzimwe taa inapozimwa, na uso wa maji uwe unatikisika kidogo wakati wote.

Kabla ya samaki kuingia, tangi liendeshwe na maji bila samaki wiki nne hadi sita ili bakteria wajijenge kwenye sponji ya chujio. Wao ndio wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Kipimo cha kuamini ni hiki: tia amonia ifike mg 2 kwa lita, subiri saa 24, pima. Amonia na nitriti zote zikiwa sifuri, tangi liko tayari. Kama nitriti bado ipo, ngoja, hata kama maji yanang'aa kama kioo. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha kabisa kwa macho ya buluu na Iriatherina, na halinyonyi vifaranga. Ukitumia la kuning'inia au la mtungi, vika mdomo wa kunyonyea sponji. Na unapoiosha sponji, ioshe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Klorini ya bomba inawaua bakteria uliowangojea mwezi mzima.

Dukani, simama mbele ya tangi dakika 10 bila kugusa kioo. Samaki wazima wako nusu ya juu, mapezi yamekunjuliwa, wanafukuzana. Mmoja aliyejitenga pembeni na mapezi yamemganda mwilini ni onyo kwa tangi zima. Angalia tumbo nyuma ya kichwa: likiwa limebonyea, amekaa na njaa muda mrefu au ana ugonjwa wa ndani, na vyote viwili ni vigumu kurudisha. Angalia mdomo kama una utando mweupe, na mgongo kama umepinda. Kisha mwombe muuzaji awalishe. Asiyekuja kwenye chakula usimnunue, hata akiwa ndiye mzuri kupita wote.

Umri nao ni kitu. Dume wa gertrudae aliyekomaa kabisa, mwenye mapezi marefu kuliko wote, huenda ameshatumia nusu ya maisha yake. Chukua vijana, hata kama rangi bado haijatoka. Na dai majike. Maduka mengi huleta madume zaidi kwa sababu majike hayana rangi na hayanunuliki. Jike utamjua kwa mapezi mafupi yasiyo na ncha wala rangi kali, na tumbo la mviringo. Uwiano mzuri ni dume mmoja kwa majike wawili: kwenye tangi la 12, madume 4 na majike 8. Wakiwa wachache, tuseme madume wawili na jike mmoja, jike hufukuzwa mpaka akonde na dume mnyonge haonekani tena kutoka nyuma ya chujio.

Mfuko ukifika nyumbani, kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Kama safari ilikuwa ya saa moja au mbili, zima taa, acha mfuko uelee kwenye tangi dakika 20 joto lilingane, kisha hamishia samaki kwenye ndoo na uwadondoshee maji ya tangi kwa mrija mwembamba, matone mawili au matatu kwa sekunde, kwa saa nzima. Lakini kama wamesafirishwa siku nzima au zaidi, usifanye hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya kaboni wanayopumua hushusha pH, na amonia iliyojilimbikiza hubaki katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua, kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu wakiwa bado wamo. Hao wasawazishie joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, watoe kwa wavu mara moja na uwatie kwenye maji ambayo umeyaandaa yakaribiane na ya duka. Kwa vyovyote vile, maji ya mfuko yasiingie tangini.

Wakae karantini wiki nne kwenye tangi la lita 20 lenye sponji iliyokwisha kujaa bakteria na kishada cha mosi. Wengi huruka hatua hii. Mimi naona ni afadhali mtu aahirishe kununua samaki kuliko kuiruka, kwa sababu samaki wa upinde wanaandamwa na maradhi ya bakteria wa Mycobacterium, ambayo hayana tiba ya kuaminika. Dalili zake huja polepole: samaki anakula lakini anakonda, mgongo unapinda, vidonda vinatokea ubavuni. Ukimwona hivyo mtoe. Bakteria hao wanaweza pia kuingia kwenye ngozi ya mtu yenye jeraha na kuleta uvimbe usiopona upesi, kwa hiyo mwenye kidonda mkononi avae glavu anapofanya kazi ndani ya tangi, na asinyonye kwa mdomo mpira wa kutolea maji.

Ugonjwa mwingine unaanzia kwenye swichi ya taa. Chumba kikiwa giza, taa ya tangi ikawaka ghafla, kundi zima hushtuka na kukimbia mbele bila kutazama. Mdomo unagonga kioo. Siku mbili baadaye pale pa jeraha panatokea utando mweupe kama pamba, na watu husema ni kuvu. Mara nyingi ni bakteria wa Flavobacterium columnare walioingilia jeraha, na dawa ya kuvu haiwagusi. Kinga ni rahisi mno: washa taa ya chumba kwanza, acha nusu saa, ndipo tangi liwake, usiku fanya kinyume chake. Taa ya tangi ikae saa 7 au 8 kwa siku. Zaidi ya hapo unalisha mwani.

Saa hiyo ya kwanza ya mwanga ndiyo ya kuvuta kiti. Madume wa Iriatherina husogeleana ubavu kwa ubavu juu ya mosi, kipepeo cha mgongo kinapanda na kushuka haraka kama mtu anayefungua na kufunga mwamvuli, na zile nyuzi nyeusi zinatetemeka nyuma. Hakuna anayeng'atwa. Baada ya dakika chache mmoja anakunja na kuondoka. Kama huwaoni wakifanya hivi hata mara moja kwa wiki nzima, kuna kasoro: ama ni wachache, ama mkondo wa maji ni mkali, ama kuna samaki mwingine anayewatisha.

Wenzao wawe wapole na wa chini: kambare wadogo wa Corydoras kama pygmaeus, kambare wadogo wa Otocinclus, konokono, uduvi wa Neocaridina. Uduvi wakubwa hawaguswi, ila watoto wao wataliwa wachache. Samaki wang'ata mapezi, kama tiger barb mwenye milia, wasikaribie kabisa nyuzi za Iriatherina.

Kulisha ni kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja. Chakula kielee au kishuke polepole, kwa sababu kikishafika sakafuni ni cha Corydoras. Chakula cha vipande kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe unga, na kwa Iriatherina sugua tena. Mara tatu kwa wiki wape uduvi wachanga wa Artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi), unaowaangua mwenyewe. Lita 1 ya maji, g 25 za chumvi isiyo na madini ya joto, nusu kijiko cha chai cha mayai yao, hewa ikichemka kwa nguvu kutoka chini, nyuzi joto 26 hadi 28: baada ya saa 24 wameanguliwa. Zima hewa dakika 10, maganda yanaelea, uduvi wanakusanyika chini. Wavute kwa mrija, uwachuje kwenye kitambaa laini na kuwasuuza kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuwapa samaki. Maganda yasiingie; samaki mdogo akiyameza yanaweza kumkwama tumboni.

Maji badilisha asilimia 20 hadi 25 kila wiki, klorini ikiwa imeshaondolewa kwa dawa yake na tofauti ya joto isizidi nyuzi 2. Nusu ya tangi kwa mpigo mmoja baada ya miezi miwili ya uvivu inaua zaidi kuliko huo uvivu wenyewe, maana pH ya tangi huwa imeshuka polepole na samaki wameizoea.

Kuhusu ukoo: usingoje. Miezi mitatu baada ya kuwaleta, anza kukusanya mayai, kwa sababu mwaka ukikatika na hujafanya hivyo, majike wanaanza kuchoka. Hutaga kila siku, mayai machache machache, kwenye mosi. Njia nyepesi ni kichala cha uzi wa kufumia wa akriliki: nyuzi 25 za sm 15, zifungwe kwenye kizibo kinachoelea, baada ya kuchemshwa mara mbili ili rangi ya ziada itoke. Kila baada ya siku mbili toa kichala, kamua taratibu, tazama kwenye mwanga. Yai ni tone la kioo lenye upana wa mm 1 na kidogo, likining'inia kwa uzi wake mwembamba. Usiogope kulishika. Ni gumu, linabingirika kati ya vidole bila kupasuka. Linalopasuka lilikuwa limekufa tayari.

Yaweke kwenye chombo cha lita 1 chenye maji ya tangi na kipande cha mosi. Linalogeuka jeupe litoe siku hiyohiyo, ukungu wake huhamia kwa jirani. Gertrudae huanguliwa kwa siku 10 hadi 14 kwenye nyuzi 25, furcatus wiki mbili hadi tatu. Siku za mwisho utaona macho mawili meusi yakikutazama kutoka ndani ya yai.

Vifaranga hukaa juu kabisa, chini tu ya ngozi ya maji, na hawashuki kutafuta chakula. Kwa hiyo chombo kiwe kipana na kina kifupi, sm 10 tu. Kifaranga wa furcatus anameza Artemia ndani ya siku chache. Wa praecox na Iriatherina hawezi. Anahitaji infusoria (vijidudu vidogo mno vya majini) kwa wiki ya kwanza au zaidi. Tia jani la saladi lililochemshwa kwenye chupa ya maji ya tangi, iache karibu na dirisha. Maji yatachafuka kama maziwa, kisha baada ya siku nne au tano yatakuwa safi tena; wakati huo ndipo infusoria wamejaa. Matone 10 kwa chombo, mara tatu kwa siku.

Usichanganye umri. Kifaranga wa wiki tatu anaweza kummeza mdogo wake aliyeanguliwa jana. Weka vyombo vitatu na uandike tarehe kwenye kila kimoja. Wakifika sm 1.5 wanaweza kuingia kwa wakubwa: wachote kwa kikombe, kwa kuwa wavu huwachubua, na uwamwage taratibu kwenye mosi jioni, wakubwa wakiwa wameshashiba na taa imezimwa.